Tinga Ndani ya Ndege ya Miraa

Mume wangu Kioko amezikwa Buna, nyuma ya kanisa la mabati. Alipokufa kwa kifua hakuna dereva wa bara aliyekubali kubeba jeneza kwenye barabara ya Wajir, jinsi barabara ile ilivyokuwa mbaya wakati huo kwa watu kama sisi. Ndugu zake walinipigia simu kutoka Mwingi wakasema, mzike huko huko, tutakuja tuweke msalaba. Mpaka leo nawangoja. Msalaba niliuweka mimi, wa chuma. Fundi wa kuchomelea matangi aliniunganishia, na kwa vile hakujua unakaa namna gani, nilimchorea chini kwa kidole.

Kioko alikuwa mtu wa mashine ya kisima. Serikali ilimtuma Buna wakati binti yetu Bridget hajaota meno, na mimi nikafuata na sufuria zangu. Mama mkwe alisema sitamaliza msimu mmoja kule. Kwa sababu alisema hivyo, nikakaa. Nilikanda chapati, nikachemsha chai, walimu wakala, askari wakala, karani wa chifu akala, na waliosema chapati yangu ni ngumu niliwaambia wakale mawe. Walirudi wote, maana hapakuwa na chapati nyingine.

Halafu watu wa bara wakaanza kuondoka Buna. Hofu ilikuwa imeingia, na sina haja ya kueleza, kila mtu alisikia kwa redio. Leo mwalimu huyu, kesho nesi yule. Wa mwisho alikuwa mwalimu Silas. Aliondoka na godoro kichwani, akaniachia ufunguo wa nyumba ya shule, akasema, "Mama, huenda ukauhitaji." Nilimjibu sitauhitaji. Kanisa likabaki la kwangu peke yangu. Jumapili nalifungua, nafagia mavi ya popo, naimba nyimbo mbili, nafunga. Ukiimba peke yako ndani ya mabati sauti inakurudia kama ya mtu mwingine, na mara ya kwanza niligeuka kuangalia ni nani.

Aliyebaki na mimi ni Tinga.

Nilimpata kwenye kambi ya watu wa kuchonga barabara. Mama yake alikuwa mbwa wa kulinda matingatinga yao, na kampuni ilipohama wakasahau mtoto mmoja chini ya tangi la maji. Nikamwita Tingatinga, jina likafupika lenyewe. Siku hizo alikuwa anaenea kwenye sufuria ya ugali. Alipomaliza kukua alikuwa na kichwa kama cha ndama, rangi ya mchanga, mdomo mweusi, na akisimama kwa miguu ya nyuma anaweka mikono yake mabegani mwangu, nami si mfupi. Kioko alipozikwa, Tinga alilala juu ya kaburi mpaka udongo ukashikana, na fisi wa Buna, wanaofukua kila kitu, hawakusogea.

Mbwa huyu hakujua Kiswahili wala Kisomali. Nilimlea kwa Kikamba. Ukimwambia "uka" anakuja, ukimwambia "ikala nthi" anakaa chini, ukimsemesha kwa lugha nyingine anakutazama kama karani aliyefunga dirisha la ofisi. Baada ya Kioko kwenda na walimu kwenda, Buna nzima hapakuwa na masikio mengine yanayosikia lugha yangu ila yale mawili. Asubuhi namsalimu. Jioni namweleza nani alikula, nani alinikasirisha. Mtu akipita nje atafikiri nina wageni.

Jirani yangu alikuwa Kaltun, muuza miraa. Ni mjane kama mimi, mrefu, mkali, ana jino moja la dhahabu, na akikaa kwenye meza yake hakuna mwanamume wa kumdanganya. Tuliishi ukuta kwa ukuta, lakini hakuna aliyewahi kukaa ndani kwa mwenzake. Sababu ni Tinga. Kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa chombo, chombo kinaoshwa mara saba, na moja ya hizo saba ni kwa udongo. Tinga akiwa mdogo aliwahi kutia mdomo kwenye beseni la Kaltun. Ulikuwa wakati wa kiangazi, maji yanaletwa na punda na watu wanayagombania. Kaltun alileta beseni lake mpaka mbele ya mlango wangu, akaliosha pale, macho yangu yakiona, huku anahesabu kwa sauti. Kwa hasira nilitoa mtungi wangu nikawa namwagia mimi mwenyewe. Alipofika saba nikamwambia, "Ongeza ya nane, nisije nikasikia baadaye kwamba halikutakata."

Akanitazama. Kisha akacheka. Tangu siku ile tukawa tunasemezana, yeye kwake, mimi kwangu, ukuta katikati. Lakini mkono hakunipa hata siku moja, kwa maana mkono wangu ulikuwa na mbwa kila saa.

Bridget yuko Nairobi, anauza kwenye duka la dawa, anakaa kwenye ghorofa. Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili.

"Mwaitu, rudi. Unangoja nini huko?"

"Nangoja baba zako wadogo walete msalaba."

"Mwaitu, mimi sitanii."

"Mimi pia sitanii. Nitakuja. Tengeneza mahali pa Tinga."

"Mbwa hapana. Mwenye nyumba hataki hata paka."

"Basi mwambie na mimi simtaki."

Anakata simu. Jumapili inayofuata tunaanza tena.

Halafu ikaja ile mvua ya Novemba, iliyofanya watu wa kaskazini wote wakawa kama wanaishi ziwani. Mito isiyokuwa na jina ilitokea, ikachukua mbuzi, ikachukua barabara. Ukuta wangu wa upande wa jiko ulilainika ukaangukia ndani, juu ya unga, juu ya meko, juu ya kila kitu nilichokuwa nafanyia kazi. Nikachukua ule ufunguo wa Silas, nikahamia nyumba ya shule. Mabati yalikuwa mazima, lakini ndani hapakuwa na kitu ila msumari aliokuwa anatundikia koti. Tulilala chini, mimi na Tinga, na kwa vile alikuwa na joto sikukohoa.

Nilipoona hakuna lori litakaloleta unga, na sina jiko, na wanaokula kwangu wote walikwisha kuondoka, nikampigia Bridget mimi mwenyewe, jambo nisilolipenda. Nikasema nakuja. Akalia. Mbwa hakumtaja, nami sikumtaja.

Sasa kuja na nini? Barabara ilikatika. Na hata isingekatika, hakuna basi la huku linalopakia mbwa, sembuse mbwa wa ukubwa ule. Lakini mtu wa Buna atakosa sukari, atakosa mafuta ya taa, miraa hakosi. Kaltun na kaka yake Noordin walikodi ndege ndogo kutoka Nairobi. Inakuja imejaa miraa, inashusha, inarudi tupu.

Siku moja Kaltun akaja akasimama nje ya nyumba ya shule, mbali na mlango.

"Naa Mueni! Umeingia nyumba ya mwalimu kama popo?"

"Popo hana ufunguo. Sema."

"Ndege yangu inarudi tupu. Nimeongea na rubani. Keshokutwa ikija unapanda, unaenda kwa mtoto yako. Sitaki kitu."

"Na Tinga?"

Lile jino la dhahabu likaonekana. "Tinga ni mbwa."

"Hata mimi nina macho."

"Walaal, dada yangu, sikiza. Mahali mbwa atalala leo, kesho miraa yangu italala hapo. Ile kitu inaingia kwa mdomo ya watu. Wakisikia mbwa ya Mueni imelamba ndege, nani atanunua? Wote watakwenda kwa Istahil, na yule anangoja tu nianguke."

"Basi nenda na ndege yako."

"Kichwa ngumu! Mwache hapa. Mimi nitamtupia mifupa."

"Kwa lugha gani?"

Kaltun akashangaa. "Mifupa ina lugha?"

 Nilijua vizuri Tinga atafanya nini nikimwacha. Atakwenda kulala nyuma ya kanisa, na watoto watamtupia mawe, na hatajua wanasema nini. Ataningoja mpaka mbavu zitoke. Kioko tayari nilikuwa namwacha hapo. Kumwacha na huyu pia, hapana. Nilijiambia kama ndege haitamchukua, nitabaki, na nyumba ya shule ikianguka ituangukie wote wawili.

Nikakaa nikifikiri. Ndipo nikakumbuka beseni.

Siku ya ndege jua lilichomoza safi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilimpeleka Tinga kwenye maji yaliyosimama nyuma ya choo cha shule, nikafunga leso kiunoni, nikamwosha. Nilitumia sabuni ya kipande yote iliyobaki. Nilimwosha mara saba, na ya kwanza nilimpaka udongo mwekundu kuanzia masikio mpaka mkia, akawa kama chungu. Nilihesabu kwa sauti, kama Kaltun alivyohesabu, hata kama hakuna aliyekuwa anasikia. Mara ya saba maji yaliyotoka kwake ungeweza kufulia shati. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikafunga kitambaa kichwani, nikachukua mfuko wangu mmoja, nikamwambia "uka", tukaondoka. Nilipita nyuma ya kanisa lakini sikukaa. Kwa Kioko nilisema tu kwamba nakwenda na Tinga.

Uwanja wa ndege wa Buna ni njia ya changarawe na mbuzi. Ndege ilikuwa imeshuka, mlango wazi, wapagazi wanatoa magunia, na watu wamejaa kama siku ya soko. Nilitembea katikati nimeinua kichwa. Tinga alikuwa anachuruzika maji, na manyoya yake yameng'aa. Alipofika karibu na watu akafanya kile mbwa aliyelowa hufanya. Akajitikisa.

Watu walikimbia pande zote. Askari wa akiba mwenye bunduki aliruka juu ya rundo la magunia. Mzee mmoja alishika kanzu yake juu ya magoti akawa anaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mayowe yalikuwa ya Kisomali, lakini matusi yanaeleweka.

"Mueni!" Kaltun aliita kutoka mbali. "Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Nimemwosha mara saba," nikasema. "Moja ya udongo. Ni hesabu yenu, si yangu. Sasa ni safi, fungueni njia tupite."

 Kisha mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu uwanja wote, hata yule askari juu ya magunia. Kaltun alijaribu kujizuia akashindwa, akafunika mdomo kwa mtandio. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa sijui wanachekea nini, na hilo ndilo lililoniuma.

Noordin hakucheka sana. Ni mtu mpole mwenye ndevu za hina, alisoma dini Wajir. Akasogea kidogo, akasimama mahali maji ya Tinga hayawezi kumfikia.

"Mama," akasema, "mbwa haioshwi. Inaoshwa ile kitu mbwa imegusa. Mbwa hata umwoshe mwaka mzima ni mbwa tu."

"Basi kama ni mbwa tu, nimeharibu nini?"

"Umeharibu kwa maji. Mbwa kavu ikigusa kitu kavu, hakuna neno. Ungeleta yeye kavu, ningetandika turubai, ningeongea na dada yangu, pengine. Sasa umeleta mbwa yenye maji kutoka kichwa mpaka mkia. Hii ndio yenyewe, mama. Hii ndio tunakimbia."

Nilisikia uso unawaka. Miaka yote ile niliishi nao, nikajiona najua mambo yao kama wao. Nimemaliza sabuni yangu kumfanya Tinga awe kile kile wasichokitaka.

Rubani alitoka upande wa mbele anakula ndizi. Alikuwa kijana wa Meru, Mwenda, miwani ya jua usoni.

"Shosho, ndiye abiria huyu?" akauliza. "Mimi nimebeba mbuzi, nimebeba jenereta, nimebeba bibi harusi. Huyu ni wa kwanza."

"Utambeba?"

"Mimi sina dini na mbwa. Lakini ndege wamekodi hawa, na mimi sigombani na mwenye mzigo. Na siwezi kungoja akauke. Unaona wingu lile? Hii njia ikilowa nitalala hapa."

Wingu lilikuwepo kweli, upande wa Moyale, jeusi. Nilivua leso kiunoni nikaanza kumsugua Tinga. Leso ikalowa. Nikatoa blanketi kwenye mfuko, nikasugua, likalowa. Watu walikaa mbali wakitazama kama wanaangalia mpira, na baadhi walianza kunishauri. "Mgongo, mama! Bado tumbo!"  Magunia yalikuwa yamekwisha kutoka, na Mwenda alikuwa anazunguka ndege akigonga gonga mabawa yake. Manyoya ya Tinga ni mazito, chini ya manyoya kuna manyoya mengine.

"Kaltun," nikasema, na sikupandisha sauti. "Sitaenda bila yeye. Nakuambia ujue. Kama ndege itaondoka, mimi narudi shule."

Kaltun hakucheka tena. Alimwambia Noordin neno, Noordin akamwambia rubani neno, na rubani akakuna kichwa.

"Injini lazima niiwashe mapema hata hivyo," Mwenda akasema. "Shosho, nenda usimame kule nyuma ya mkia. Mbali. Ukisogea mbele ya hizi panga zinazozunguka, mimi sitakuwa na maneno ya kumwambia mtoto wako. Ukae nyuma tu, na umshike."

Tukaenda. Injini ikalia, na upepo ukaja. Sijawahi kuona upepo kama ule. Gauni lilinipiga miguu kama fimbo, na machozi yalitoka yakaelekea masikioni. Mbwa mwingine angekimbia mpaka Ethiopia, lakini huyu alizaliwa kati ya mashine. Alifumba macho, masikio yakarushwa nyuma, akakaa kama mzee anayenyolewa. Nilimgeuza upande huu, nikamgeuza upande ule, nikainua mkia, nikainua miguu mmoja mmoja. Wale watu kule walikuwa wanapiga makofi.

Injini ilipopunguzwa, Noordin akachana kipande cha katoni akanirushia. "Weka juu yake, ubonyeze, utuonyeshe!"

Niliweka mgongoni, tumboni, shingoni. Nikakiinua juu. Kilikuwa kikavu.

"Na mdomo?" Kaltun akasema. "Mdomo ya mbwa haikauki."

Ulimi wa Tinga ulikuwa nje, mrefu, unadondosha. Nilijua wanataka nini. Mbwa huyu hajawahi kufungwa mdomo, wala shingo hajafungwa, na alikuwa akilinda watu waliompiga mawe. Nikavua kitambaa changu cha kichwa. Nilimwambia "ikala nthi", akakaa. Nikamzungushia mdomo, nikafunga nyuma ya masikio, si kwa kukaza sana. Hakukataa. Alinitazama tu, na afadhali angeniuma.

Niliposimama ndipo nikakumbuka niko kichwa wazi mbele ya wanaume wa mji mzima. Miaka yote Buna sikutoka hivyo hata kwenda chooni. Nilijishika nywele, mvi zimesimama kwa ule upepo, nikakosa pa kuangalia.

Kaltun alikuja. Alitembea moja kwa moja mpaka nilipo, akapita karibu na Tinga, akavua mtandio wake wa juu, akanifunika kichwa, akaufunga chini ya kidevu kama unavyomfunga mtoto. Upepo ulikuwa umenikausha gauni, lakini kifuani na shingoni lilikuwa bado chepechepe kwa maji ya mbwa, na mikono yake ilinigusa shingo na mabega.

"Sasa utajiosha mara saba," nikamwambia.

"Maji ya mvua imejaa, sina haraka," akasema. "Mueni, nisikize. Ile mdomo isifunguliwe ndani ya ndege. Tone moja tu, Istahil atajua kabla ya jioni."

"Sitaacha tone."

"Sema wallahi."

"Mimi ni Mkristo. Nimesema sitaacha."

"Haye." Akarudi nyuma. "Na mtandio usirudishe. Umeshashika mbwa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na Buna nzima ndiye mtu aliyenigusa kuniaga.

Ndani hapakuwa na viti ila cha rubani na kimoja kando yake, na hicho nilikikataa. Walitandika turubai sakafuni. Nilikaa juu yake nimeegemea ukuta wa ndege, Tinga amelala kwa urefu akigusa paja langu, na mshipi wa kufungia mizigo umetupitia wote wawili. Kulikuwa na harufu ya majani ya migomba na miraa. Ndege ikakimbia, ikaruka. Nilitazama dirishani nikitafuta bati la kanisa. Niliona maji tu yanang'aa, na mabati mengi, na yote yanafanana. Nilipodhani nimelipata, bawa likalificha.

Huko juu tuliingia kwenye mawingu. Ndege ikawa inaanguka kidogo, inapanda kidogo, kama gari kwenye makorongo. Nilimsemesha Tinga. Nilimwambia hii ni barabara tu, mbovu kama zile nyingine. Kelele ya injini ilikuwa kubwa, sijui kama alisikia. Alikuwa anatetemeka. Kisha nikaona mbavu zake zinavutwa ndani, zinaachiliwa, zinavutwa tena, na shingo inanyooka.

Mwenye mbwa anajua dalili hiyo. Alikuwa anataka kutapika, na mdomo nimemfunga.

Akitapika na mdomo umefungwa atakabwa, atakufa hapo hapo mikononi mwangu. Nikimfungua, najua ulimi wake, najua tumbo lake, itamwagika turubaini, itateremka kwenye sakafu, kwenye vyuma, kila mahali, na nilimpa Kaltun neno langu. Macho ya Tinga yaligeuka yakawa meupe. Sikuwa na mtu wa kuuliza. Mwenda alikuwa amenipa mgongo, na mambo yake ya kuendesha yalikuwa mengi.

Nilikunja miguu nikakaa kama ninayepepeta. Nikavuta gauni langu la kanisani juu ya magoti likafanya kama beseni, kitambaa kizito kile, nikaweka kichwa chake chote ndani. Ndipo nikafungua fundo. Ikaja yote. Ilikuwa moto. Ilikuja mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ilikuwa mate tu, mengi, ya kuvutika, na yote niliyapokea. Ndege ilipoyumba upande nami niliyumba upande huo, nimeshikilia pindo za gauni kwa mikono miwili na kichwa chake kwa kidevu. Iliyotaka kumwagika niliizuia kwa mkono. Nilipanguza mdomo wake kwa sketi ya ndani. Halafu nikamfunga tena kile kitambaa, nikabaki hivyo hivyo, nimekunja gauni, sikunyoosha mguu, mpaka Nairobi. Miguu ilikufa ganzi, na harufu sitaieleza. Mtandio wa Kaltun niliusukuma nyuma usishuke.

Tulipotua uwanja wa Wilson, Mwenda alizima injini, akageuka, akavua miwani.

"Shosho! Nini imetokea?"

"Angalia sakafu," nikasema. "Usiniangalie mimi. Angalia sakafu, na turubai."

Akaja ameinama, akawasha taa ya simu, akapapasa kwa kiganja turubai na kando kando yake.

"Pakavu," akasema.

"Mpigie Kaltun."

"Shosho, shuka kwanza ujioshe."

"Sishuki. Mpigie nikisikia."

Akapiga, akaiweka kwa sauti. Kaltun alipokea kabla haijalia vizuri.

"Ndege ni kavu?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Kavu kabisa, mama. Nimeshika kwa mkono."

"Alhamdulillahi. Na Mueni?"

Mwenda akanitazama, pale nilipokuwa nimekumbatia gauni langu. Nilimtikisia kichwa kwa nguvu.

"Mueni yuko sawa," akasema.

"Mwambie..." Kaltun akaanza, halafu nyuma yake watu wakapiga kelele za miraa, mtu akamwita, na simu ikakatika.

Mwenda alinishika mkono nikashuka. Kando ya jengo la mizigo kulikuwa na bomba. Nilimwaga huko, nikasuuza gauni likiwa mwilini, nikamfungua Tinga mdomo akanywa maji mengi. Watu wa uwanja walitupisha njia pana.

Bridget alikuwa nje ya lango amevaa viatu vyeupe. Alikuja mbio, mikono wazi. Akaona mtandio wa Kisomali, akaona gauni linachuruzika, akasikia harufu, akamwona Tinga. Mikono ikashuka.

"Mwaitu," akasema. "Si tulikubaliana?"

"Hatukukubaliana. Ulisema, na mimi nikasema."

"Na utakaa naye wapi?"

"Mahali atakapokaa."

Alitazama barabara. Teksi aliyokuja nayo ilikuwa imekwisha kupandisha vioo, na dereva alikuwa anatikisa kidole kwetu kupitia kioo. Bridget akamlipa, dereva akaenda zake. Akasema itabidi tungoje pikapu ya wazi, akatoa simu, akasogea mbali kidogo kutafuta, upande ambao upepo haumletei harufu.

Nilikaa ukingoni mwa barabara, Tinga akalala miguuni pangu. Watu walipita, wengi, kila mmoja na haraka yake, na hakuna aliyenijua. Bridget alimaliza simu, akaja karibu, akasimama. Nikakunja gauni lililolowa, nikasogea pembeni ili apate pa kukaa. Akasema asante, hajachoka, akabaki amesimama.